Shali ya pembetatu kwa anayeanza kufuma: vitanzi vya ziada vinatoka wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Makambako, mkoani Njombe, na nimeanza kujifunza kufuma mwaka huu. Nilitaka kumfumia mama mkwe shali ya kujitanda asubuhi za baridi. Nina madonge matatu ya uzi wa akriliki, gramu 100 kila moja, na karatasi yake inasema sindano ya milimita 4. Sindano zangu ni mbili ndefu za zamani, namba 8, nilizoachiwa na shangazi. Nilianzisha vitanzi 60, lakini baada ya safu 40 hivi nimehesabu nikakuta 73. Kingo zimepanuka ingawa katikati hakuna tundu, na kitambaa ni kigumu kama jamvi. Je, nifumue? Na zile shali za pembetatu zinazoanzia kwenye ncha, ninaziweza?

JIBU: Marahaba, dada. Fumua bila kusikitika, kwa kuwa uzi huo haujaharibika. Ukiuzungusha upya kwenye donge bila kuukaza utafumika tena vizuri. Kisha anza hiyo ya pembetatu. Unaiweza, na kwa mtu anayejifunza naiona kuwa nyepesi kuliko mstatili ulioanza nao, kwa sababu inaanza na vitanzi vitatu tu, makosa ya mwanzo yanabaki kwenye eneo dogo, na unaweza kuisimamisha popote uzi unapokaribia kwisha nayo ikawa shali kamili. Lakini kwanza tutazame kilichokupata, maana usipokielewa kitakufuata hata huko.

Kwa kuwa kingo ndizo zilizopanuka na katikati hakuna tundu, vitanzi vyako 13 vya ziada vimezaliwa mwanzoni mwa safu. Unapogeuza kazi, uzi unaokwenda kwenye donge unaning'inia mbele, ukitokea kwenye kitanzi cha mwisho ulichofuma, ambacho sasa ndicho cha kwanza. Kitanzi hicho hakina jirani wa kukishikilia upande wa nje, kwa hiyo hulegea. Ukiupeleka uzi nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, unakivuta kutoka chini, na miguu yake miwili inapanda juu ya sindano ikaonekana kama vitanzi viwili vilivyosimama sambamba. Mkono ambao haujazoea huvifuma vyote viwili. Dawa yake ni kuuvuta uzi chini kidogo, mbele ya kazi, mpaka uone kitanzi kimoja tu kimekaa juu ya sindano, ndipo uupeleke nyuma kwa kuupitisha chini ya ncha ya sindano ya kushoto. Kuvuta huko ni kwa kukiweka kitanzi mahali pake, si kwa kukikaza. Nitaeleza baadaye kwa nini nasisitiza jambo hili.

Ugumu wa kitambaa unatokana na sindano. Ile milimita 4 iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi inafaa kwa sweta, ambalo tunataka lishikamane na lidumu na umbo lake, ilhali shali inatakiwa ilegee na kuangukia mabegani. Kwa uzi huo tumia sindano ya milimita 5 au 5.5. Hapa wengi huchanganyikiwa na namba: katika vipimo vya zamani vya Uingereza, namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, na namba 8 ni milimita 4, katika vipimo vya Marekani namba hupanda pamoja na unene, na namba 8 ni milimita 5. Kwa vipimo hivyo vya Uingereza, sindano unayoihitaji ni namba 6 au namba 5. Dukani uliza milimita, na kama sindano haina maandishi, toboa nayo kipande cha karatasi ngumu kisha upime upana wa tundu kwa rula. Ukiweza, nunua sindano ya mzunguko, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini, yenye urefu wa sentimita 80 au 100. Hutafuma mviringo, utageuza kazi mwishoni mwa kila safu kama kawaida, ila waya utabeba vitanzi zaidi ya 200 ambavyo vingeminyana na kudondoka kwenye sindano zilizonyooka.

Ufumaji wenyewe ni huu. Anzisha vitanzi vitatu. Katika kila safu, bila kubagua mbele wala nyuma, fuma vitanzi viwili vya kawaida, leta uzi mbele na uupitishe juu ya sindano ya kulia ili uzae kitanzi kipya, kisha fuma vyote vilivyobaki kwa kitanzi cha kawaida hadi mwisho. Geuza kazi na urudie. Safu ya kwanza itakupa vitanzi vinne, ya pili vitano, na kuendelea. Uzi uliopitishwa juu ya sindano utaacha tundu dogo, na matundu hayo yatajipanga kando ya kingo zote mbili, ndiyo mapambo pekee ya shali hii, na kwa maoni yangu yanatosha. Kwa kuwa kila safu ni ya kitanzi cha kawaida, kitambaa kinakuwa na matuta yanayofanana pande zote mbili na hakijikunji. Ungefuma upande mmoja kwa kitanzi cha mbele, ambacho ndicho hicho cha kawaida, na wa pili kwa kitanzi cha nyuma, kinachofumwa uzi ukiwa mbele ya kazi, kama kwenye mwili wa sweta, kingo zingejiviringisha.

Hesabu pia inakuwa rahisi. Tuta moja ni safu mbili, kwa hiyo idadi ya matuta mara mbili, ukijumlisha vile vitanzi vitatu vya mwanzo, lazima ilingane na vitanzi vilivyo kwenye sindano. Ukiwa na matuta 20 uwe na vitanzi 43. Kila baada ya safu 20 hivi, ukishahakikisha hesabu, chukua uzi wa cherehani wa rangi tofauti na uupitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote, uuache humo. Kosa likitokea mbele, utafumua hadi kwenye uzi huo, navyo vitanzi vitakusubiri vikiwa salama.

Sasa narudi kwenye kukaza. Katika ufumaji huu upana wa kitanzi kimoja unakaribiana na kimo cha tuta moja, na kila tuta linaongeza vitanzi viwili, ndiyo maana upana wa juu unakuwa takriban mara mbili ya kina na ncha inatengeneza pembe ya digrii 90. Ukingo kwa hiyo unapanda kwa mshazari, na kwa kila tuta unatakiwa ufunike urefu unaozidi kimo cha tuta hilo kwa karibu asilimia 40. Ukikikaza kitanzi cha kwanza, ukingo utakosa urefu huo, utakunjamana, na ncha itajipinda. Acha vile vitanzi viwili vya mwanzo vilegee kuliko vingine.

Madonge yako matatu yanatosha. Kwa sindano ya milimita 5, vitanzi 18 hivi huleta sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 250 vitakupa upana wa karibu mita 1.4 na kina cha nusu yake. Usishangae donge la mwisho likienda haraka, kwani safu zinarefuka kila mara: ukianza donge la tatu, shali itakuwa imeshapata asilimia 80 hivi ya kina chake. Uungio wa madonge uweke kwenye ukingo, kamwe si katikati, na ubakize uzi wenye urefu wa mara nne ya upana wa shali kwa ajili ya kufunga, yaani kuvitoa vitanzi vya safu ya mwisho kwenye sindano bila kufumuka. Funga kwa sindano nene zaidi, ya milimita 6.5 ukiipata, kwa sababu upande huo ndio unaozunguka mabega, na ukibana shali yote inakataa kukaa.

Miisho ya nyuzi ifiche kwa sindano butu ndani ya matuta, sentimita 10 kila mmoja. Usiipige pasi, kwani joto huilaza akriliki ikapoteza mnepo wake na haurudi tena. Mama mkwe akiifua kwa maji ya uvuguvugu, aikamue ndani ya taulo na kuilaza ikauke, maana ikianikwa kwenye kamba ikiwa imelowa, uzito wa maji utairefusha upande wa ncha.