Halmashauri ikitoa kiwanja bure, inanunua nini?

Swali: Mimi ni diwani na nipo kwenye kamati ya fedha. Mwekezaji ameiomba halmashauri yetu kiwanja kilichopo katikati ya mji, bila malipo. Atajenga nyumba 100 za ghorofa, na 20 kati ya hizo atazipangisha kwa bei nafuu kwa miaka 10. Wenzangu wengi wanaona ni neema, maana bajeti yetu haiguswi. Nitajuaje kama mpango huu una manufaa kwa wananchi?

Jibu: Mheshimiwa diwani, bajeti yenu inaguswa, ila haionekani kwenye kitabu cha matumizi. Kiwanja ni mali ya umma yenye bei sokoni, na kukitoa bure ni sawa na kuandika hundi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumleta mthamini anayejitegemea, asiyelipwa na mwekezaji, awape thamani ya kiwanja kwa maandishi. Bila namba hiyo kamati yenu haina cha kujadili.

Sasa tuhesabu kwa namba za mfano. Tuseme kiwanja kina thamani ya 120,000. Kodi ya soko kwa nyumba moja ni 100 kwa mwezi, na ile "nafuu" ni 60. Mpangaji anaokoa 40 kwa mwezi, yaani 480 kwa mwaka, na nyumba 20 zinaokoa 9,600 kwa mwaka. Kwa miaka 10 inakuwa 96,000, tayari pungufu ya thamani ya kiwanja. Tena fedha ya mwaka wa 10 haina uzito wa fedha ya leo. Ukizileta zote kwenye thamani ya sasa kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5 (yaani kila mwaka wa kusubiri unapunguza uzito wa fedha kwa karibu asilimia 5), unabaki na takribani 74,000. Mmetoa 120,000, wananchi wamepata 74,000. Tofauti imeingia mfukoni mwa mwekezaji, na baada ya mwaka wa 10 jengo lote linakuwa lake kwa bei ya soko.

Badilisha kitu kimoja tu, muda. Kwa miaka 40, hesabu ileile inatoa karibu 165,000. Mizani inakaa sawa karibu na mwaka wa 20. Kwa sababu hiyo nawaomba sana madiwani waache kuuliza "nyumba ngapi?" peke yake. Ulizeni nyumba ngapi kwa miaka mingapi.

Wengine wameshapita njia hii. Marekani ilipoanzisha nafuu ya kodi ya serikali kwa wajenzi wa nyumba za kipato cha chini mwaka 1986, sharti la kubaki na bei nafuu lilikuwa miaka 15. Haikuchukua muda wakaona hatari ya nyumba hizo kurudi sokoni, na kwa miradi ya kuanzia 1990 wakaongeza hadi angalau miaka 30. Ujerumani nayo ilitoa ruzuku kwa masharti yenye ukomo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 upande wa Magharibi ulikuwa na nyumba za aina hiyo karibu milioni 4, na leo nchi nzima ina kama milioni 1. Majengo mengi bado yapo. Kilichoisha ni sharti. Wien, mji mkuu wa Austria, ulianza kutoza wananchi kodi maalumu ya kugharamia ujenzi wa nyumba mwaka 1923, ukajenga na kubaki na mali yake. Hadi sasa manispaa inamiliki nyumba takribani 220,000, na kodi ya pango lake hailipuki kila soko linapopanda.

Kuna jambo la pili ambalo swali lako halikuligusa, nalo ni zito: nafuu kwa nani? Mwekezaji akipima unafuu kwa bei ya soko, anaweza kusema kweli na bado asimsaidie mtu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Chukua kaya inayopata 150 kwa mwezi: inamudu 45. Ile 60 ya mwekezaji inakula asilimia 40 ya kipato chake kabla hawajanunua chakula wala kulipa nauli. Mkiishusha kodi hadi 45, pengo la kila nyumba linakuwa 660 kwa mwaka, na ruzuku ileile ya 9,600 kwa mwaka inatosha nyumba 14 tu. Mimi ningechukua hizo 14. Nyumba 20 ambazo mlengwa hawezi kuingia hazina maana kwake, hata zikipendeza kwenye taarifa ya mwaka.

Kwa hiyo, msiuze wala msigawe. Kodisheni kiwanja kwa mkataba wa muda mrefu, hati ibaki kwa jina la halmashauri, na muda ukiisha ardhi na kilicho juu yake virudi kwenu. Kikomo cha kodi kisajiliwe kwenye hati, ili mwekezaji akiuza jengo, mnunuzi naye afungwe na sharti hilo. Ulizeni pia nani atagharamia barabara ya kuingilia, maji na mifereji, kwa sababu gharama hizo huangukia halmashauri kimyakimya.

Kifungu kimoja wanasheria wenu wasikiache kitolewe: mwekezaji akirudi katikati ya ujenzi akidai gharama zimepanda na anataka kupunguza nyumba nafuu, afungue hesabu zake zote kwa mkaguzi mtakayemchagua ninyi, na kila nyumba itakayopunguzwa ilipiwe fidia kwa thamani ya sasa ya ruzuku iliyobaki. Kama atakataa kusaini hapo, rudisheni kiwanja kwenye zabuni ya wazi.