PhD ya Ujerumani: Unaomba Kazi, Huombi Ufadhili

Swali mnalouliza sana ni hili: nimemaliza uzamili wa biolojia au kemia, nimewaandikia maprofesa 60 wa Ujerumani, hakuna aliyejibu, tatizo nini? Tatizo ni hizo barua 60 zinazofanana, mdogo wangu.

Huku nafasi nyingi za PhD za sayansi ni ajira. Profesa kapata fedha za mradi, mara nyingi kutoka DFG (shirika la Ujerumani linalofadhili utafiti), na ndani yake kuna mshahara wa mtu mmoja kwa miaka 3, na kazi atakayofanya imeshaandikwa. Kwa hiyo jibu tangazo. Yapo kwenye tovuti za ajira za EURAXESS na academics.de, na kwenye tovuti za taasisi za utafiti za Max Planck, Helmholtz na Leibniz. Kwanza hakikisha kwenye hifadhidata ya anabin kwamba chuo chako kina alama ya H+, yaani kinatambuliwa Ujerumani.

Barua isizidi ukurasa 1, na itaje nambari ya tangazo. “Nina uzoefu wa mbinu za molekuli” haimwambii mtu kitu. Andika: “Nimetoa DNA kwenye mbu 240, nimefanya PCR, nimechambua takwimu kwa R, sampuli 30 ziliharibika umeme ulipokatika, nikabadilisha mpango hivi.” Hiyo ya umeme usiionee haya. Maabara yoyote huharibu sampuli, wanachotaka kujua ni ulifanya nini baadaye.

Alama zenu ndizo zinazowaponza bila kujua. GPA ya Tanzania ni kati ya 5.0, na kubwa ndiyo nzuri. Huku bora ni 1.0, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Asiyejua mfumo wetu akiona 4.2 atadhani umefeli! Weka maelezo ya mfumo kando ya alama, kwenye wasifu wenyewe, kisha unganisha kila kitu kwenye PDF moja.

Walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo watumie anwani za chuo, kwa sababu za gmail hushukiwa. Siku unayotuma maombi wapigie simu wachungulie na kwenye barua taka (spam). Barua pepe ya kuwaomba mapendekezo, inayotumwa na mfumo wa maombi wenyewe, hupenda kuangukia huko.

Tukija kwenye hela: tangazo litasema TV-L E13 (ngazi ya mshahara wa watumishi wa umma wa majimbo), 65%, pengine 50%. Asilimia hiyo ni ya mshahara tu, maabara utashinda kutwa. 65% ni kama euro 3,000 kabla ya makato. Kodi na bima zikipita, mkononi inabaki 2,000 na kitu. Munich chumba kitaila vibaya, Jena au Leipzig utapumua. Afadhali, mkataba wenye mshahara wa kutosha hukuepusha na ile akaunti iliyofungwa (fedha za kujikimu unazoweka benki ili upate viza) ya euro 11,904 wanayodaiwa wanafunzi wengine. Na anayekutoza pesa akutafutie ajira hizi anakuibia.

Usaili hufanyika kwa video: dakika 10 au 15 unaeleza tasnifu yako, halafu maswali. Nawe uliza la kwako. Mkataba ni miaka 3, PhD mara nyingi hufika 4: mwaka wa mwisho nani analipa? Na omba kuzungumza na mwanafunzi mmoja wa maabara hiyo, profesa asiwepo.