Maswali ya wasomaji: soksi za vidole, za mbio na za yoga

Maswali mengi ya safari hii yamehusu soksi zenye kifuko cha kila kidole. Wakimbiaji wanalalamikia malengelenge, wanayoga wanalalamikia kuteleza, na wengine wanataka jozi moja ifanye kazi zote mbili. Tumejibu yale yanayojirudia.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nakimbia mara nne kwa wiki, na kila nikipita kilomita 12 narudi na malengelenge mguuni. Mwenzangu ananisisitizia soksi za vidole. Ninunue?

JIBU: Nzuri, ndugu yetu, na pole kwa maumivu. Safari ijayo ukishavua soksi, angalia lengelenge limekaa wapi. Kama liko katikati ya vidole, au ubavuni pale kidole kinapolaliwa na jirani yake, au kwenye ncha ya kidole kilichojikunja chini ya mwenzake, nunua. Soksi hizi huweka kitambaa mahali ambapo ngozi ilikuwa inasugua ngozi, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Wenye kidole cha pili kirefu kuliko gumba, na wenye vidole vilivyobanana, ndio hufaidika zaidi.

Kama lengelenge liko kisiginoni, usitarajie muujiza. Hapo mara nyingi kiatu kinapwaya kwa nyuma, au kamba hazijakazwa juu ya mguu. Likiwa chini ya kucha, kiatu ni kifupi. Watu wengi wanaozinunua soksi hizi na kuzikatia tamaa walikuwa na tatizo la kisigino tangu mwanzo.

Inafaa pia kujua lengelenge linavyotokea, kwa sababu wengi hudhani ngozi hukwanguliwa juu juu. Mguu unapotua, mfupa ulio ndani ya kidole husogea huku ngozi ya nje ikiwa imeng'ang'ania soksi au kidole cha pili. Tabaka za ngozi huvutwa huku na huku, na kwa kilomita 12 mguu mmoja hutua mara elfu tano hadi sita. Mwishowe tabaka huachana na maji hujaa kwenye ufa. Jasho huongeza balaa, maana ngozi yenye unyevu hung'ang'ania zaidi kuliko ngozi kavu. Ndiyo sababu ukisikia sehemu moja inapata moto, simama hapo hapo uvue kiatu: nyoosha mkunjo wa soksi, toa mchanga, bandika plasta. Ukisubiri kilomita mbili zaidi, lengelenge litakuwa limeshajaa.

SWALI: Kuna za pamba, kuna za poliesta na nailoni, na kuna za sufu ya merino. Zipi za mbio?

JIBU: Pamba iache kwa mbio. Hunyonya jasho na kukaa nalo, kisha hulegea, na kifuko kilicholegea huanza kuzunguka kidole. Mkunjo mdogo wa kitambaa katikati ya vidole viwili unauma kuliko kutovaa soksi kabisa.

Poliesta haikai na maji, hivyo jasho husambaa juu ya kitambaa na kukauka. Nailoni huleta uimara, na uzi wa kunyumbuka, unaoandikwa elastane, spandex au Lycra kwenye lebo, hufanya kifuko kishike kidole. Asilimia 3 hadi 5 ya uzi huo kwa kawaida inatosha. Merino ina sifa mbili za kweli: inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kulowa, na haishiki harufu upesi. Udhaifu wake uko kwenye ncha ya kidole gumba, inapotoboka mapema. Kwa hiyo chagua merino iliyochanganywa na nailoni, si merino tupu.

Kuhusu unene, jozi ya kwanza iwe nyembamba. Vidole vitano vina mianya minne, na kila mwanya unaingia tabaka mbili za kitambaa, jumla nane. Kitambaa cha milimita 1 kinaweza kuongeza upana wa karibu milimita 8 kabla hakijabanwa. Kiatu kilichokuwa kinakutosha vizuri kinaweza kukukataa hapo hapo.

SWALI: Namba ya soksi ni sahihi kwa mujibu wa pakiti, lakini baada ya nusu saa vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Shida ni soksi?

JIBU: Tunashuku kiatu. Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, vaa soksi zako za vidole kisha usimame juu yake kwa uzito wako wote. Vidole vikimwagika nje ya ukingo wa soli, kiatu ni chembamba kwa mbele na hakuna soksi itakayokiokoa. Visipomwagika, jaribu kulegeza matundu mawili ya kamba yaliyo karibu na vidole, ukaze yale ya juu ili kisigino kisipwaye. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba, iachwe nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na uvijaribu ukiwa umevaa soksi hizo hizo.

Baada ya hapo kagua soksi yenyewe. Simama wima na ushike ncha ya kila kifuko. Kitambaa kiguse ncha ya kidole bila kuivuta. Ikibaki nusu sentimita inayoning'inia, itajikunja ndani ya kiatu. Ikiwa imevutika hadi kucha inaonekana umbo lake, itakandamiza kucha kila hatua, na ukucha mweusi hauko mbali. Pakiti hupima urefu wa mguu, haipimi urefu wa vidole. Ukiangukia katikati ya namba mbili, mwenye vidole virefu achukue kubwa, mwenye vifupi achukue ndogo.

Wenye vidole vilivyoungana kwa ngozi wasijilazimishe. Mwanya wa soksi utakuwa unakata pale vidole vinapoungana.

SWALI: Kuzivaa kwenyewe ni kazi! Kidole cha mwisho huwa kinaingia kwenye kifuko cha jirani, na nikivuta naona nimepinda vidole.

JIBU: Kosa ni kuzivuta kama soksi za kawaida. Kaa chini, mguu ukiwa mkavu kabisa, hasa katikati ya vidole; ngozi yenye unyevu hukwama kwenye kitambaa. Hizi zina kulia na kushoto, kwa hiyo tazama kifuko kikubwa kiko upande gani. Kunja soksi kuanzia mdomoni hadi vibaki vifuko vitano peke yake mkononi.

Ingiza gumba kwanza, nusu tu. Fuata cha pili, cha tatu, cha nne, kila kimoja nusu. Kidole cha mwisho kikigoma, kivute pembeni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukipanue kifuko chake kwa kidole cha shahada. Vyote vikiwa nusu ndani, ndipo urudi kuvuta kimoja kimoja hadi kitambaa kikae chini kabisa ya mwanya kinapoanzia kidole. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiacha pengo kati ya kitambaa na ngozi ya mwanya, soksi itashuka yenyewe wakati wa kukimbia na kuleta mkunjo. Sasa fungua soksi juu ya wayo, kaza kisigino mahali pake, kisha chezesha vidole. Mshono ukiwa umelala juu ya kucha au pembeni yake, zungusha kifuko mpaka ukae sawa. Mara za mwanzo utachukua dakika kadhaa. Mkono ukizoea, muda unapungua sana.

Na kucha zikatwe kabla, moja kwa moja bila kuzichongoa pembeni. Ukucha mkali hutoboa kifuko ndani ya wiki chache, tena huchana kidole jirani.

SWALI: Mimi ni wa yoga, mume wangu ni wa mbio. Tunaweza kununua aina moja tukapunguza gharama?

JIBU: Hapana, dada. Soksi ya mbio ni laini chini kwa makusudi, na juu ya mkeka itakutelezesha. Soksi ya yoga ina nukta za silikoni au za plastiki laini chini ya wayo ili ishike. Mume wako akikimbia nazo, nukta zitaukandamiza unyayo ndani ya kiatu na kuushika mahali pamoja, na joto litaanzia hapo hapo.

Kwa yoga, pamba inaruhusiwa. Hakuna kiatu, jasho lina pa kwenda, na pamba ni laini kwa ngozi. Angalia nukta zimefika wapi: zinatakiwa ziwepo chini ya kila kidole, mbele ya wayo na kisiginoni. Nyingi zina nukta nzuri katikati ya unyayo, mahali ambapo mguu haugusi hata mkeka. Zipapase kwa kidole gumba ukisukuma pembeni. Zikibanduka kirahisi mkononi, hazitadumu.

Kuteleza kwenyewe kuko kwa aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Soksi ikiteleza juu ya mkeka, nukta zimechakaa au zimeshika mafuta na vumbi. Lakini pengine soksi imetulia kabisa na mguu ndio unaosogea ndani yake. Utalijua hili ukiwa umeinama, mikono na miguu chini na makalio juu: kisigino cha soksi kinapanda kuelekea kifundo huku vidole vikirudi nyuma ndani ya vifuko. Hapo chukua namba ndogo zaidi, au zile zilizoachwa wazi kwenye ncha za vidole, au zenye mkanda juu ya mguu. Zilizo wazi ndizo tunazozipendekeza kwa wanaosimama kwa mguu mmoja, kwa sababu ncha za vidole zinagusa mkeka na kusahihisha mizani. Zilizofungwa zinafaa sakafu ya baridi, mazoezi ya taratibu ya kukaa na kulala, au pale ambapo mikeka inatumiwa na watu wengi.

Kusema kweli, kama mkeka ni wako, ni safi na hushikwi na baridi, miguu mitupu inashinda soksi yoyote.

SWALI: Kidole changu gumba kimepinda kuelekea vingine na kuna nundu pembeni. Soksi hizi zitakinyoosha?

JIBU: Hazitakinyoosha. Kitambaa hakina nguvu ya kurudisha mfupa. Zinaweza kupunguza msuguano kati ya gumba na cha pili, na kwa wengine hilo ni nafuu tosha, ila kiatu kiwe kipana mbele. Kikiwa chembamba, soksi itazidisha shinikizo juu ya nundu.

SWALI: Nina fangasi katikati ya vidole. Zinatibu?

JIBU: Hazitibu. Zinasaidia mianya ikae kavu, na fangasi hupenda unyevu, lakini anayeua fangasi ni dawa, kama krimu ya klotrimazoli au tebinafini. Endelea nayo kwa muda ulioandikwa kwenye kijikaratasi, hata mwasho ukiisha mapema. Kausha kila mwanya kwa taulo kabla ya kuvaa, badili soksi kila baada ya mazoezi, na usiazimane. Kama lebo inaruhusu, zifue kwa maji ya nyuzi 60. Maji ya nyuzi 30 hayaaminiki kuua fangasi.

Mwenye kisukari, au aliyepoteza hisia miguuni, aonane kwanza na mtaalamu wa afya. Mshono unaokandamiza kidole asichokihisi unaweza kufungua kidonda kabla hajajua.

SWALI: Nina mbio za kilomita 21 wiki ijayo, na soksi zimefika leo. Nizivae siku hiyo?

JIBU: Hapana, vaa ulizozizoea. Mpya anza nazo kwa kilomita 4 au 5, angalia alama nyekundu zimebaki wapi, kisha ongeza taratibu. Zikipita mazoezi marefu mawili au matatu bila kelele, zimeiva kwa mashindano. Ukipenda kupaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, paka kidogo, na usichanganye na poda: vikikutana hufanya madonge.

SWALI: Zifuliweje, na zitupwe lini?

JIBU: Zigeuze ndani nje, uzifue kwa sabuni ya kawaida na maji baridi au vuguvugu, isipokuwa kwa sababu ya fangasi tuliyoitaja. Usitumie jiki wala dawa ya kulainisha nguo. Hiyo ya pili huacha utando unaozuia jasho kusambaa na kuzifanya nukta za yoga ziteleze. Nyosha kila kifuko zikiwa bado mbichi na uzianike kivulini. Za mbio zitupe kitambaa cha kifuko kikianza kuonyesha mwanga ukikinyanyua dirishani, usisubiri tundu. Na kwa kuwa soksi ya kulia haivaliwi kushoto, kifuko cha gumba huchakaa palepale kila siku, basi anza ukaguzi hapo. Za yoga zikaguliwe chini ya vidole: nukta zikiwa zimelala sawasawa na kitambaa, zimebaki soksi za kulalia.