Wasomaji Wanauliza: Mama mkulima wa zabibu anakuja, nimpeleke Mosel?

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Bonn, Ujerumani, mwaka wa nne sasa, mama anakuja kunitembelea mwezi wa nane, ndio mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Ana miaka 58, analima zabibu Hombolo kule Dodoma, nguvu anazo na baiskeli anaendesha mpaka leo ila ni ile ya kwenda sokoni. Watu wananiambia nimpeleke bonde la mto Mosel, eti kuna njia za baiskeli na za miguu katikati ya mashamba ya zabibu. Tuna siku mbili tu, je ataweza? Afu mama ni mlokole, pombe hagusi, sitaki aone nimemleta kwenye vilabu.
Msomaji, Bonn

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mpeleke, wala usisite. Ila nakuomba kitu kimoja, usimzungushe kwenye mangome kupiga picha, mpeleke kama mkulima anayeenda kuona shamba la mkulima mwenzie.

Baiskeli isikutie wasiwasi. Njia ya Mosel inafuata mto karibu mwanzo mwisho, tambarare, kuanzia Perl mpakani na Ufaransa na Luxembourg mpaka Koblenz pale Mosel inapoingia Rhine. Milima unaiangalia tu pembeni. Tatizo mto wenyewe unajikunja mno, Trier mpaka Koblenz ukifuata maji ni kama kilomita 195 na ukinyoosha mstari ni karibu nusu yake tu, kwa hiyo msijipe kazi ya kuumaliza.

Siku ya kwanza tokeni na treni ya asubuhi, mnabadilisha Koblenz, mnashuka Cochem. Kodini baiskeli hapohapo, ya mama chukua ya umeme maana upepo upo na jua la Agosti kule linachoma, sehemu nyingi njia haina hata mti, bebeni maji. Fuateni mto mpaka Ellenz, ng'ambo ni Beilstein, kijiji kizuri cha kula mchana, kuna kivuko kidogo ila ulizia kwanza kama kinafanya kazi siku hiyo. Mkifika Ediger-Eller mtakuwa mmeendesha kilomita 20 na kitu, na hapo ndipo mama atacheka, kwa sababu treni ya kuwarudisha Cochem inapita ndani ya mlima, handaki la kilomita 4.2 lililofunguliwa 1879, dakika chache tu mko mlipoanzia asubuhi. Baiskeli zinaingia kwenye treni, lakini wikiendi panajaa sana, nendeni katikati ya wiki.

Siku ya pili ndio ya mama hasa. Rudisheni baiskeli, pandeni treni tena mpaka Ediger-Eller, mtembee kwa miguu kwenda Bremm. Mlima ulio juu yenu ni Calmont, una mashamba ya zabibu yenye mteremko unaopita digrii 60, yani ukuta kabisa, na watu wanalima pale. Kuna njia inayokatiza katikati ya mashamba yenyewe, ina ngazi za chuma na kamba za waya za kushikia, mimi nimepita na nawaambia ukweli, bila buti nzuri au ukiwa unaogopa urefu usijaribu. Piteni chini kando ya mto, mtaona vizuri tu.

Mwache mama asogelee mche. Kwenye mashamba ya kizamani hamna waya uliotandazwa, kila mzabibu una mti wake mmoja wa kuegemea, matawi mawili yamepindwa moja kushoto moja kulia yakafungwa chini, yametoa umbo la moyo. Hivyo mkulima anauzunguka mche pande zote na kupita upande wowote bila kuzuiwa na mstari wa waya, maana kwenye mteremko ule kila hatua ni jasho. Na chini ni vipande vya mawe meusi membamba, hayohayo waliyoezekea nyumba, ukikanyaga yanalia kama vyungu vilivyovunjika. Yanashika joto la mchana na kulitoa usiku, ndio inayosaidia zabibu za Riesling kuiva kwenye nchi ya baridi vile. Jua likishazama mwambie aweke kiganja kwenye ukuta wa mawe, bado una moto. Mwonyeshe na ile reli ya chuma kimoja inayopanda mlima moja kwa moja, injini ndogo inavuta mkulima na mzigo wake juu. Wao wanavuna mara moja kwa mwaka, akiwaambia Dodoma tunavuna mara mbili watamwekea kiti.

Pombe isiwe shida. Wakulima wengi wanauza na juisi ya zabibu zao wenyewe, tamu kweli. Mkiona kitita cha matawi au ufagio umetundikwa mlangoni, ni mkulima amefungua nyumba yake, sheria inamruhusu miezi 4 kwa mwaka kuuza divai yake na chakula chepesi. Ni familia imekaa uani, mama hatajisikia vibaya. Wewe ukionja basi siku ya baiskeli uache, polisi wa Ujerumani wanahesabu ulevi wa baiskeli pia. Na zabibu za njiani msichume, ni mali ya mtu, hilo mama analijua kuliko sisi.

SWALI: Sasa dada, nataka kufanya Moselsteig yote na baiskeli, siku kumi zinatosha?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana kaka, Moselsteig ni ya miguu, inapanda na kushuka kwenye misitu na mashamba, kilomita 365 zilizogawanywa vipande 24, ilifunguliwa 2014. Baiskeli ina njia yake chini kando ya mto, hiyo kwa siku sita unaimaliza bila kukimbizana. Hizo nne zilizobaki panda juu kwa miguu, chagua vipande vinavyoanza na kuishia kijiji chenye stesheni, mzigo uache ulipolala.