Damu kwenye mswaki: nilivyotunza meno na mlo wangu nikiwa mjamzito Moshi

Mimba yangu ya pili ilikuwa na miezi minne nilipoanza kutema damu kila nikipiga mswaki. Haikuwa damu ya kutisha, ni michirizi tu kwenye povu, lakini kila asubuhi ipo. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa mama mkwe, Kibosho. Aliniona pale nje kwenye ndoo ya maji akasema kwa upole, "Mtoto anachukua meno yako, mwanangu. Kila mtoto huondoka na lake." Yeye amezaa sita na ana mapengo matano, kwa hiyo hakuwa akisimulia habari za kusikia. Nikamwamini. Nikawa napiga mswaki huku nikizikwepa fizi, nikidhani ninazipumzisha. Wiki tatu baadaye fizi zilikuwa zimevimba, mdomo unanuka, na katikati ya meno mawili ya mbele kumeota kinyama chekundu kinachotoa damu kikiguswa na mkate.

Mama kijacho unayesoma hapa, kama umeambiwa damu ya fizi ni sehemu ya ujauzito na itaisha ukijifungua, usikae nayo kama nilivyokaa mimi.

Daktari wa meno aliyenipokea alinieleza taratibu. Homoni za ujauzito huongeza damu kwenye fizi na kuzifanya zichukie haraka uchafu ambao siku nyingine zingeuvumilia. Kinachozivimbisha ni ule utando laini unaoganda shingoni mwa jino, ambao usipoondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu. Kwa hiyo nilipoacha kusugua pembeni mwa fizi nilikuwa naulisha ugonjwa. Kile kinyama nacho si saratani. Hutokea kwa baadhi ya wajawazito na mara nyingi husinyaa chenyewe baada ya kujifungua. Changu kilisinyaa mtoto akiwa na wiki saba.

Na mtoto hachukui meno. Jino la mtu mzima halina njia ya kurudisha madini yake kwenye damu. Chakula kikipungukiwa na kalsiamu, mwili huikopa kwenye mifupa. Nilimrudishia mama mkwe maelezo haya kwa heshima, tukiwa tunamenya ndizi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema enzi zao jino likiuma lilikuwa linang'olewa, hakuna mtu wa kuliziba. Nadhani hapo ndipo mapengo yake yalipotoka.

Nilisafishwa ukoga siku hiyohiyo, na mimba yangu tumboni. Wengi tunaogopa kiti cha daktari wa meno tukiwa wajawazito, lakini kusafishwa, kuzibwa jino, hata kung'olewa kwa sindano ya ganzi ya kawaida vinafanyika salama. Mwezi wa nne hadi wa sita wa mimba ndio mwepesi zaidi, kwa sababu kichefuchefu kimepungua na bado unaweza kulala chali bila kuzidiwa. Sema tu mapema kwamba una mimba na una miezi mingapi.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapa mama mkwe alinifundisha zaidi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mjamzito anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Ukisikia hivyo unafikiria vidonge na maziwa ya kopo, kumbe nyumba ya Mchaga imejaa. Asubuhi alinipikia uji wa ulezi. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, wakati sembe ya kiwango hichohicho haifiki hata 20. Yeye hakusaga ulezi mkavu. Aliuloweka, akauacha uchipue, akauanika, ndipo akaupeleka mashineni. Kimea hicho tunakijua kwenye mbege, lakini kwenye uji kina faida yake: kuchipua hupunguza vile vitu ndani ya nafaka vinavyoyazuia madini yasifyonzwe na mwili. Mchana ilikuwa kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, au makande na mboga ya mnafu pembeni. Jioni dagaa, wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao, nilikuwa nawanunua soko la Mbuyuni na kuwaosha kwa maji moto. Mara moja kwa wiki, mtori wa ndizi za mchare na nyama. Kwetu mtori ni chakula cha mzazi, lakini mama mkwe alisema haoni kwa nini nisubiri mpaka nizae ndipo nipewe nguvu.

Vidonge vya damu vya kliniki sikuviacha. Nilivimeza kwa maji, nikala chungwa au pera, na nikaviweka mbali na chai na maziwa, kwa sababu vyote viwili huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Mbege nilikataa kabisa. Shangazi mmoja alisisitiza kwamba kikombe kimoja kinaleta maziwa. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, na uji wa ulezi uleule, kabla haujawa pombe, unatosha.

Jambo la pili ambalo sikukubaliana nalo ni magadi, na hili linanigusa mimi mwenyewe. Nimezaliwa Maji ya Chai, kule chini ya Meru. Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu yaote, na shuleni Dar es Salaam waliniuliza kama navuta sigara nikiwa na miaka kumi na minne. Ni madini ya floridi. Miamba ya volkano ya ukanda wetu huyatoa kwenye maji, na Arumeru kuna visima na mito inayopita mbali kiwango cha juu kinachopendekezwa, miligramu 1.5 kwa lita. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki palepale. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo yana floridi, mengine nyingi sana. Unaweza kuwa unakunywa maji mazuri ya mlimani na bado ukailisha familia floridi kwa kijiko.

Gamba la meno ya utoto huanza kutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, lakini hatari kubwa ya madoa kwa meno ya ukubwani ni kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Niliona ni heri jiko libadilike kabla mtoto hajaanza kula. Tukawa tunaloweka mahindi na maharage usiku kucha, tunamwaga maji yale, tunapika bila magadi. Yanachukua muda zaidi na kuni zaidi, sitakudanganya.

Kwa sababu ya madoa haya niliogopa dawa ya meno yenye floridi. Daktari aliniondolea hofu: ile unaitema, na kazi yake inaifanya juu ya jino. Madoa yangu yalitokana na kumeza floridi utotoni, meno yakiwa bado yanaumbwa ndani ya taya. Nikaendelea nayo, mara mbili kwa siku, mswaki laini, nikiulaza kuelekea kwenye fizi hata kama damu inatoka. Baada ya siku kumi damu ilikata.

Na mswaki wa mti je? Ninaupenda. Ule wa mti wenyewe unaoitwa mswaki, unaoletwa kutoka nchi kavu za tambarare, unasafisha vizuri ukiutafuna ncha ikawa nyuzi, ukaukata kila siku mbili tatu. Nilikuwa nao mfukoni kwa ajili ya baada ya chakula cha mchana. Lakini haufiki vizuri nyuma ya magego, hivyo jioni nilirudi kwenye mswaki wa dukani. Mwarobaini niliuacha, na kunywa maji ya majani yake ukiwa mjamzito usijaribu, unaweza kuharibu mimba. Mkaa na majivu vinang'arisha kwa kukwangua gamba la jino, na gamba hilo halioti tena. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, kusukutua na kutema, hayana ubaya wowote na yaliniliwaza sana.

Kama unatapika, usikimbilie mswaki. Asidi ya tumbo imeshalainisha gamba, na ukisugua hapohapo unalitoa. Sukutua kwanza kwa glasi ya maji yenye kijiko kidogo cha bekingi soda (ile ya keki, si magadi), subiri kama nusu saa, ndipo upige mswaki. Vivyo hivyo kwa ndimu na chumvi, maembe mabichi, ukwaju na ubuyu. Najua hamu yake. Kula umalize, kisha sukutua kwa maji, kuliko kunyonya ndimu moja kuanzia saa tatu hadi mchana. Ubuyu wenye rangi umejaa sukari, kwa hiyo unaumiza mara mbili. Pemba, ule udongo wa sokoni, unasaga meno, unaweza kukuletea minyoo, na mara nyingi hamu yake huja na upungufu wa damu. Ukiitamani kila siku, mwambie nesi akupime damu.

Dawa za maumivu: jino likiniuma nilimeza parasetamoli tu na kuweka karafuu moja juu yake usiku mmoja mpaka nifike kwa daktari. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa litakupa bila kuuliza, si za mjamzito kujinunulia, hasa mimba ikishapita miezi mitano. Tetrasaiklini nayo hugeuza rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni. Sema una mimba hata kama tumbo halijaonekana.

Binti yangu ana miezi minane sasa. Mwezi uliopita aliharisha na kupata homa, na jirani, mwenye nia njema kabisa, akaingiza kidole mdomoni mwake, akapapasa pale chonge zitakapoota, akasema ana meno ya plastiki, yang'olewe leo kabla hajafa. Yale si plastiki. Ni chonge changa zenyewe ndani ya ufizi, na wanaozichokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli wameua watoto kwa damu na maambukizi. Kabla sijajibu, mama mkwe alimchukua mjukuu wake, akamfunga mgongoni, akasema tunakwenda kituo cha afya. Walitupa ORS na zinki. Siku ya nne alikuwa anakula kitawa, na meno mawili ya chini yametoka, meupe.