Wolf 359: Hanson hakuwa kilaza, alimpenda mno Picard

Mkuu mtoa mada, umeuliza meli 40 za Star Trek zinapigwaje na mchemraba mmoja wa Borg, na wengi waliokujibu wanasema Admirali Hanson, kamanda wa kikosi, alikuwa kilaza, kapanga meli kama wanafunzi paredi. Mie naenda tofauti na hilo na nitakuwa mrefu, mnivumilie, hili jambo limenikaa rohoni miaka mingi.

Kwa wanaopita tu: ni Star Trek: The Next Generation (TNG), ile hadithi ya vipande viwili inaitwa The Best of Both Worlds, cha kwanza kilirushwa Juni 1990 watu wakaachwa wananing'inia mpaka Septemba. Borg, viumbe nusu mashine wenye akili moja ya pamoja, wanakuja na meli moja yenye umbo la mchemraba, wanamteka Kapteni Picard wa meli ya Enterprise, wanamgeuza kuwa Locutus, yaani mwili wake na kila alichokijua vinakuwa mali yao. Halafu wanashika njia ya Duniani, na kikosi kinawasubiri Wolf 359 (ni nyota ya kweli hiyo, kibete chekundu, kama miaka nuru 7.9 kutoka hapa, kwa macho matupu huioni). Meli 39 zikateketea, watu karibu 11,000 wakafa.

Hoja ya silaha naipita haraka. Borg wanazoea masafa (frikwensi) ya miale ya silaha zako, ukibadilisha unawaumiza kidogo, wanazoea tena. Kwa hiyo ungezipanga duara, mstari au mshale, bado ungeumia. Swali langu ni kwa nini waliumia vile, meli moja tu ndo isalie.

Sasa rudini pale kabla ya vita. Enterprise walikuwa wametengeneza silaha kwenye ile sahani kubwa ya mbele ya meli, wakaifyatua, mchemraba haukutikisika hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu Picard alikuwepo meli inapanga huo mpango, na alichokijua Picard sasa Borg wanakijua. Yaani ushahidi ulishapatikana, kwa gharama kubwa, kabla hata meli moja haijazama Wolf 359. Na Hanson anaambiwa. Anajibu nini? Anawaka. Anasema anamfahamu Picard, hakuna namna yoyote yule mtu awasaidie Borg, na hataki kusikia vingine. Kisha anamhesabu kama majeruhi wa vita na mazungumzo yanaendelea kwenye idadi ya meli. Hapo ndo vita ilipopotea, sio kwenye mpangilio.

Najua kwa sababu nimemwona Hanson kwa macho yangu. Nilikuwa nafanya kazi kwa mzee mmoja mwenye vibanda vinne vya uwakala wa pesa za simu. Tulikuwa na supavaiza, kijana mtulivu sana, jioni anapita kila kibanda anakusanya simu na laini zote anaweka kwenye begi, namba za siri zote kazishika kichwani. Siku hiyo saa nne usiku mke wake akapiga, hajafika. Saa tano tukaikuta pikipiki yake mtaroni, taa bado inawaka, begi hakuna, yeye hakuna.

Nikamwambia mzee tupige huduma kwa wateja wafunge laini zote sasa hivi. Alikuwa kakaa barazani na kanzu yake, tasbihi mkononi haizunguki, imesimama tu. Akaniambia, "Yule mtoto nimemlea mimi. Hata wamchinje hawezi kutaja namba." Na alikuwa analia wakuu, ule haukuwa ujeuri, alikuwa anamtetea mwanawe. Kumbishia pale ilikuwa kama kumtukana yule kijana akiwa hayupo, kwa hiyo tukanyamaza, tukachukua tochi tukaenda kumtafuta. Alfajiri tukampata karibu na daraja, yuko hai, vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba kama ndizi. Neno lake la kwanza hata salamu hakutoa, alisema, "Nimewatajia." Floti ilianza kutolewa saa sita usiku, laini moja baada ya nyingine. Saa sita! Tulikuwa na saa nzima mkononi.

Ndo maana nikimsikiliza Hanson simuoni mjinga. Naona mtu ambaye akikubali kwamba rafiki yake anaweza kuvunjwa, basi ni kama yeye ndo amemvunja. Lakini Borg hawakumuomba Picard ruhusa, walimkata wakamtia mitambo, na swali la "je atawasaidia" halikuwa na maana tena. Swali lilikuwa "anajua nini".

Mwangalie Riker sasa, msaidizi wa Picard aliyebaki akiongoza Enterprise, kijana aliyemlilia Picard kuliko wote. Ule mpango wa kuitenganisha meli vipande viwili Picard alishaelezwa na Shelby, ofisa mtaalamu wa Borg, kwa hiyo Locutus anaujua. Riker hakuutupa, aliugeuza. Locutus anategemea kipande cha nyuma ndo kitapigana na kile cha mbele kinapuuzwa tu, Riker akakitumia cha mbele kufanya vurugu huku maofisa wake Data (roboti mwenye umbo la mtu) na Worf wakiingia na chombo kidogo kumchukua Picard. Halafu kupitia Picard huyohuyo Data akapata mlango wa kuingia kwenye akili ya Borg na kuwaamuru walale. Mnaona? Njia waliyopita Borg kuingia kwetu ilikuwa inapitika pande zote mbili. Hanson alishamzika Picard kichwani, kwa hiyo hakumuona kama hatari wala hakumuona kama mlango. Miaka baadaye kwenye filamu ya 1996 Picard anawasikia Borg tena kichwani, anaiambia kikosi kizima ipige sehemu moja inayoonekana haina maana yoyote, na mchemraba unapasuka. Maarifa ni yaleyale.

Kuna mchangiaji amesema Sisko, ofisa aliyenusurika Wolf 359, ni mkorofi kwa alivyomjibu Picard kwa ubaridi kwenye Emissary, kipande cha kwanza cha Star Trek: Deep Space Nine. Hapana aisee. Vita yenyewe TNG hawakutuonyesha, tulionyeshwa mabaki tu yanaelea na Shelby anazitaja meli kwa sauti ya chini, Tolstoy, Kyushu, Melbourne. Emissary ya 1993 ndo inakuingiza ndani ya Saratoga, meli ya Sisko, moshi kila mahali, na Sisko kashika mkono wa mkewe Jennifer unaotokeza chini ya vyuma, hataki kuondoka mpaka mwenzake anamvuta. Uso wa mwisho aliouona kwenye skrini ni wa Locutus. Pale kwetu kibanda cha tatu dada mmoja alikuwa kaweka mtaji wake mwenyewe kwenye ile floti. Alijua kabisa yule kijana aliteswa, na bado miezi mingi akija kutoa hesabu anaweka daftari mezani anaangalia ukutani. Sikuwahi kumlaumu hata siku moja.

Kwa hiyo mkuu ukiirudia, fuata mpangilio huu: The Best of Both Worlds zote mbili, kisha Family (kipande cha TNG kinachofuata), ndipo Emissary. Usiruke Family. Mie kanda za kuazima zilinifikia shaghalabaghala, niliona Emissary kwanza, nikamchukia Picard karibu mwaka mzima bila kujua kwamba alishalia kwenye matope, shambani kwa kaka yake kule Ufaransa, akisema alijaribu kuwazuia na hakuwa na nguvu za kutosha.