Farasi akigoma, nami hasira zikinipanda, nifanyeje?

SWALI: Niko Njoro. Nina farasi jike wa miaka 6 ninayemfunza mwenyewe jioni nikitoka kazini. Tukifika kwenye mtaro ulio karibu na lango anasimama, anainua kichwa na kurudi nyuma, hasa bodaboda ikipita. Navumilia, kisha hasira hunishinda, navuta hatamu huku nikimpiga visigino. Kesho yake huwa mbaya zaidi. Nitajizuiaje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hakikisha haumwi. Daktari wa mifugo amkague meno, nawe pitisha vidole mgongoni panapokaa tandiko. Akikunja mgongo ukimgusa, hapo si suala la subira tena.

Kama ni mzima, fikiria anachokiona. Farasi huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Ili auchunguze mtaro lazima ainamishe kichwa. Ukivuta hatamu unamnyima kuuona, na visigino vyako vinamwambia aende. Mikono inasema simama, miguu inasema nenda. Atakuelewa vipi?

Farasi hujifunza pale unapoacha kumbana, si pale unapombana. Kwa hiyo simama hatua chache kabla ya mahali anapogomea, umguse kidogo kwa miguu, kisha utazame mabega yake. Akiegemea mbele tu, hata kama kwato haijanyanyuka, acha miguu yako itulie papo hapo na ulegeze hatamu. Mkono wenye hasira huchelewa kulegea, na farasi haelewi tena ni lipi alilolifanya vizuri. Mimi niliwahi kumlazimisha dume mmoja avuke kijito jioni moja, nikajiona nimeshinda. Ilinichukua majuma mawili kumfanya akubali hata kukikaribia. Naumia nikikumbuka.

Wala usidhani unaweza kumficha wasiwasi wako. Mwaka 2009 watafiti nchini Uswidi waliwaambia watu waliokuwa wakiongoza au kupanda farasi kwamba mwavuli ungefunguliwa wakipita. Haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo yaliongezeka, ya watu na ya farasi pia.

Ukihisi taya zimekaza, toa pumzi yote polepole, shusha mabega, au imba wimbo wowote unaoujua. Anayeimba hawezi kubana pumzi. Isipotosha, shuka, umwongoze kwa kamba kwa miguu. Kushuka si kushindwa.

Ningekushauri pia uache jioni kwa sasa. Unafika umechoka, na bodaboda ndipo zinapojaa. Jaribu Jumapili alfajiri, dakika 15 tu, ukiwa chini na kamba mkononi. Mwache anuse ukingo wa mtaro. Akishusha shingo na kuanza kulambalamba midomo, mrudishe bandani, hata kama hajavuka.